Utamu wa nyumbani huanza siku ya tatu

Msomaji mpenzi, wahenga walisema kuwa mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi wetu tulifundishwa methali hiyo shuleni kama onyo kwa mgeni asiyejua kuaga. Leo ningependa tuigeuze na kuitazama upande wake wa pili. Mtu aliyepewa jembe si mgeni tena, amekuwa mwenyeji. Na ikiwa kuna kitu ambacho watoto wetu wa mjini wamenyimwa, basi ni hilo jembe la siku ya tatu.

Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka inapoingia, Nairobi huanza kupumua. Ukipita katika stendi ya mabasi ya Machakos, ile ambayo wakazi wa jiji huiita kwa utani "Machakos Airport", utaona magodoro, masanduku na mifuko ya unga ikipandishwa juu ya magari. Nauli hupanda, makanga hupaza sauti, na watoto hulia kwa joto. Mmoja anakwenda Kitui mjini, mwingine Mwingi au Mutomo, mwingine Wote, Kibwezi ama Makindu. Ukiwauliza wote wanakoelekea, jibu ni moja: nyumbani. Kwa Kikamba ni musyi, na ndiyo maana hata mojawapo ya redio zinazosikilizwa sana Ukambani ikaitwa Musyi FM.

Lakini hebu tuhesabu siku. Familia nyingi za mjini hufika tarehe 24 Desemba jioni na kuondoka tarehe 26 asubuhi. Siku ya kwanza ni ya safari na uchovu. Watoto hushuka garini wamejaa vumbi, salamu zinatolewa, chai ya maziwa inapikwa. Siku ya pili ni Krismasi yenyewe: kanisa asubuhi, mbuzi mchana, na majirani wakija mmoja mmoja kuwaona watu wa Nairobi. Nyanya, ambaye kwa Kikamba huitwa susu, yuko jikoni tangu alfajiri mpaka usiku. Babu, yaani umau, amezungukwa na wageni na hapati hata dakika tano na wajukuu wake. Watoto wenyewe wako chini ya mwembe wakizungusha simu hewani, wanatafuta mtandao.

Siku ya tatu, kabla umande haujakauka, kuku amefungwa miguu, mfuko wa mbaazi umefungwa kamba, na gari linaunguruma. Mwulize mtoto huyo mwezi Januari alichokifanya nyumbani. Atakuambia: "Tulikula nyama." Naye hasemi uongo. Hicho ndicho alichokiona.

Rai yangu leo ni fupi. Raha za nyumbani ni za bei rahisi mno, lakini hazilipiwi kwa pesa. Hulipiwa kwa siku na kwa mikono. Anayekwenda kwa siku mbili hulipa nauli yote na kurudi kabla ya kuzionja.

Pesa zilipoacha kupanda basi

Zamani pesa zilihitaji miguu. Mfanyakazi wa mjini aliyetaka kumpa mamake fedha za chumvi na sukari alizipitisha posta, alimkabidhi dereva wa basi au jirani aliyekuwa akisafiri, ama alizibeba mwenyewe mfukoni. Hivyo hata mtu mvivu wa kusafiri alilazimika kwenda, na akishafika hakukosa kulala.

Mwezi Machi 2007, huduma ya M-Pesa ilizinduliwa nchini, na mambo yakabadilika. Sitaki mtu anielewe vibaya. Huduma hii imeokoa maisha. Mzee akiugua usiku huko Ikutha, mwanawe aliye Kayole anaweza kulipia gari la kumpeleka hospitalini kabla hajavaa viatu. Lakini pia tumepata kisingizio. Pesa sasa husafiri peke yake. Tunatuma ya dawa, ya mbegu, ya vibarua wa kupalilia, kisha tunajiona tumekwenda. Simu imejifunza kubeba kila kitu chetu isipokuwa sisi wenyewe.

Kuna na jambo lingine linalouma zaidi, nalo huwapata vijana. Kijana aliyemaliza chuo na kutafuta kazi mwaka mzima bila kuipata huona haya kurudi nyumbani mikono mitupu. Anawaona wenzake wakirudi na magari na mifuko ya vyakula vya dukani, naye anakaa katika chumba chake cha kupanga Krismasi yote, akisema ana kazi nyingi. Kijana, ikiwa unasoma ukurasa huu, nisikilize. Vitu vya dukani huisha baada ya wiki. Mwezi Desemba huko kwenu kuna mahindi yaliyozongwa na magugu, na mwenye mikono miwili yenye nguvu haendi mikono mitupu.

Siku ya jembe

Basi tuseme umekubali kukaa wiki moja. Siku ya tatu imefika. Utapewa nini?

Ukambani, mvua inayotegemewa zaidi ni ile ya vuli, inayoanza Oktoba au Novemba. Kwa hiyo mtu anayefika mwezi Desemba, mvua ikiwa imenyesha ipasavyo, hukuta mashamba ya kijani. Mahindi yamesimama, kunde zinatambaa, ndengu zimechanua. Huo ndio wakati wa palizi. Watu huamka mapema kabla jua halijawa kali, hupalilia mpaka saa nne au saa tano, kisha hukaa kivulini na kunywa uji. Mtoto wa mjini atalalamika siku ya kwanza na kuonyesha malengelenge. Siku ya pili atashindana na binamu zake nani atamaliza mstari wake kwanza. Siku ya tatu atauliza kwa nini shamba lina ngazi.

Hapo ndipo umau atapata nafasi yake. Atamweleza mjukuu kuwa ngazi zile zilichimbwa kwa mikono. Watu walichimba mtaro kukatiza mteremko, wakaurusha udongo upande wa juu, udongo ukawa ukingo, na mvua ilipokuja ikakuta njia imezibwa. Mwaka baada ya mwaka mteremko ukalainika ukawa kama ngazi. Mtindo huo huitwa "fanya juu", na jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya kilimo vya dunia nzima bila kutafsiriwa. Kazi nyingi ilifanywa na vikundi vya kusaidiana viitwavyo mwethya, na wengi waliokuwa humo ni wanawake.

Si hadithi ndogo hiyo. Katika miaka ya 1930, maofisa wa serikali ya kikoloni waliiandika Machakos ya wakati huo, ambayo ilikuwa pamoja na Makueni ya leo, kama nchi iliyoharibika, yenye makorongo na udongo mwekundu usio na nyasi. Mwaka 1994, watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kuwa kati ya 1930 na 1990 idadi ya watu wa eneo hilo iliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko wa udongo ukapungua. Waliofanya maajabu hayo si watu wa mbali. Ni mama yake babu yako na majirani zake, na majembe yao. Mtoto akiisoma habari hiyo kitabuni ataisahau baada ya mtihani. Akiisikia amesimama juu ya ngazi yenyewe, jembe mkononi, haitamtoka.

Mto usio na maji

Raha nyingine isiyolipiwa ni mto. Mtoto aliyezoea bomba hufikiri kuwa mto lazima uwe na maji yanayopita. Mpeleke katika mto wa mchanga huko Kitui au Makueni wakati wa kiangazi, kama vile likizo ya Agosti, aone ajabu. Mchanga mweupe umetandazwa kama zulia, na hakuna tone la maji. Kisha mpe kata au sufuria kuukuu achimbe. Baada ya muda mchanga unakuwa na unyevu, halafu maji yanachuruzika polepole shimoni, safi na ya baridi. Nimewaona watoto wa mjini wakipiga mayowe mbele ya shimo kama hilo kuliko wanavyopiga mbele ya bembea za kulipia.

Wenyeji wameijua siri hiyo tangu jadi, na siku hizi wanaisaidia kwa mabwawa ya mchanga, ambayo yamejengwa kwa wingi Kitui na Makueni. Ukuta hujengwa kukatiza mto wa msimu, mahali penye mwamba chini. Mafuriko yakija huleta mchanga, nao hujaa nyuma ya ukuta. Maji hujificha katikati ya chembe za mchanga, ambako jua haliwezi kuyanyonya kwa urahisi wala mbu hawawezi kutaga. Mwanafunzi wa sayansi anayekwenda nyumbani ana somo zima hapo, na mwalimu wake ni susu.

Na yule punda aliyebeba mitungi minne ya maji ni raha nyingine. Mwacheni mtoto amwongoze. Atajifunza kuwa lita 20 za maji ambazo huzimwaga Nairobi akioga zina uzito, na kwamba mnyama akichoka hulala njiani bila kuomba ruhusa.

Neno la tahadhari, msomaji. Mto huo huo wa mchanga, mvua ikinyesha milimani, hugeuka kwa dakika chache kuwa ukuta wa maji mekundu, hata kama uliposimama pana jua. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya na waumini waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na Mto Enziu karibu na Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Ilikuwa msimu kama huu wa furaha. Mto ukifurika, shukeni garini mngoje. Harusi itangoja, na hata Krismasi itangoja. Wala msiwaruhusu watoto kucheza mtoni wakati wa mvua bila mtu mzima anayeyajua maji hayo.

Chakula kisicho na haraka

Nyama ya Krismasi ni tamu, lakini chakula cha Ukambani hasa huja baada ya wageni kuondoka. Kuna muthokoi, mahindi yaliyotwangwa kwenye kinu mpaka maganda yakatoka, kisha yakapikwa pamoja na maharagwe au mbaazi. Hupikwa polepole kwenye moto wa kuni, na harufu yake huwaita watu kabla ya kuitwa. Kuna isyo, mchanganyiko wa mahindi na maharagwe ambao Wakikuyu huuita githeri. Kuna mboga ya kunde changa iliyochumwa asubuhi hiyo hiyo. Kuna uji uliotiwa ukwaju, unaomkunja mtoto uso mara ya kwanza na kumrudisha na kikombe mara ya pili.

Anayekwenda mwezi Agosti hukuta mambo mengine. Wakati huo ni kiangazi, upepo unavuma, na milima ya Mbooni na Kilungu ina baridi ya kuvaa sweta. Lakini mbaazi, ambazo Wakamba huziita nzuu, ziko tayari. Kubambua mbaazi mbichi ni kazi ya kukaa chini, ungo mapajani, na maneno mengi mdomoni. Mambo ambayo mama hakuyasema kwenye simu mwaka mzima, atayasema akibambua mbaazi. Kazi ya mikono huufungua moyo, kwa kuwa hakuna anayemtazama mwenziwe usoni.

Na maembe je? Makueni ni nchi ya maembe. Kuanzia mwisho wa mwaka mpaka miezi ya kwanza ya mwaka mpya utayaona ya kila aina: ngowe lenye ncha iliyopinda, lile la mviringo liitwalo apple, na la kienyeji lenye nyuzi zinazong'ang'ania meno. Mjini tunalinunua embe moja na kuligawa vipande. Nyumbani mtoto hupanda mwenyewe, hulichagua, huliosha kwa shati lake, na hulila mpaka maji yakafika kwenye kiwiko. Yale mabichi hukatwa na kunyunyizwa chumvi na pilipili. Mkiwa huko, mwulizeni mkulima bei anayopewa na madalali wakati maembe yamejaa, kisha mlinganishe na bei ya sokoni Nairobi. Mtaelewa kwa nini serikali ya kaunti ilijenga kiwanda cha kusindika maembe huko Kalamba, na mtoto atajifunza hesabu ya faida na hasara bila daftari.

Majina na vitendawili

Usiku ukiingia, zimeni simu. Najua ni ombi gumu, lakini jaribuni usiku mmoja tu. Mbali na taa za mji, nyota za Kitui huwa nyingi hata mtoto akadhani zimeongezwa. Kaeni nje, na mwacheni susu aanze: "Kwata ndai!" Watoto waitikie: "Nakwata!" Ndivyo vitendawili vinavyofunguliwa kwa Kikamba. Mtoto asiyejua lugha atacheka tu mwanzoni, lakini kitendawili ni mwalimu mwerevu. Kila anayeshindwa hutaka kujua jibu, na ili ajue jibu lazima ajue neno.

Kisha mwulizeni susu habari ya majina. Mjini jina ni kitu cha kuandika kwenye daftari. Nyumbani jina ni kumbukumbu. Wambua na Kambua walizaliwa wakati wa mvua, kwani mbua ndiyo mvua. Munyao na Wayua ni majina ya nyakati za njaa. Mutuku alikuja usiku na Kioko asubuhi. Kyalo alizaliwa safarini. Musyoka ni yule aliyerudi. Katika jamii nyingi za Kikamba mtoto hupewa jina la babu au nyanya yake, na ndiyo sababu utamsikia bibi kizee akimtania mjukuu wa miaka sita kwa kumwita mume wangu. Mtoto asiyeijua sababu huona haya. Akiijua, anatembea kifua mbele.

Majina ya njaa nayo yana mafunzo yake. Wazee wa Ukambani hawahesabu miaka kwa kalenda pekee. Huihesabu kwa njaa. Iko ile ya miaka ya 1980 waliyoiita Nikw'a Ngwete, maana yake nakufa huku nimeshika, yaani fedha mtu alikuwa nazo mkononi lakini chakula cha kununua hakikuwepo. Mwambie mtoto habari hiyo kabla hajaacha nusu ya sahani yake.

Hapa ndipo penye uzito wa mambo, msomaji. Kuna watoto wengi jijini ambao hawawezi kuongea na nyanya zao bila mkalimani. Mtoto anasema Kiingereza na Sheng, nyanya anasema Kikamba, na baba amekaa katikati akitafsiri na kufupisha. Nyanya anasimulia dakika kumi, baba anasema: "Anasema ukue vizuri." Katiba ya mwaka 2010 inaitaka serikali ilinde na kuendeleza lugha za jamii zetu, lakini hakuna Katiba inayoweza kumfundisha mtoto kumwamkia susu. Wiki moja haitamfanya awe msemaji. Itampa maneno thelathini: uvoo waku kwa salamu, ni muvea kwa kushukuru, kiw'u kwa maji. Maneno thelathini yanatosha kumwondoa mkalimani kwenye meza ya chai.

Matembezi ya karibu

Mkitaka kutoka kidogo, hamhitaji hoteli. Walio karibu na Kitui mjini wawapeleke watoto kwenye Mwamba wa Nzambani. Hadithi ya kale inasema kuwa anayeuzunguka mara saba hugeuka, mwanamume akawa mwanamke na mwanamke akawa mwanamume. Sijawahi kukutana na aliyegeuka, lakini nimewaona watoto wengi wakihesabu kwa makini na kusimama kwenye duru ya sita.

Wanaoamka mapema wapande kilima alfajiri isiyo na mawingu. Ilikuwa kutoka Kitui, tarehe 3 Desemba 1849, ambapo mmishenari Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya. Alikuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara wa Kikamba. Wakamba waliuita mlima huo Kiinyaa, na kutokana na jina hilo Krapf akaandika jina ambalo baadaye likawa la mlima na la nchi nzima. Kwa hiyo mtoto anayelalamika kuwa Kitui hakuna kitu, mwambie jina lililo kwenye jezi ya timu yake ya taifa lilipitia hapo.

Wanaosafiri kwa Barabara ya Mombasa wana raha zao. Asubuhi yenye anga safi, ukiwa upande wa Emali, Kilimanjaro huonekana. Mbele kidogo ni Makindu na hekalu la Kalasinga lililojengwa mwaka 1926, wakati wa reli ya zamani, ambalo huwalisha wasafiri wa dini zote bila malipo. Vueni viatu, funikeni vichwa, na waacheni watoto waone jinsi mgeni asiyejulikana anavyokaribishwa. Baada ya Kibwezi mibuyu huanza kusimama kando ya barabara, na mabuyu mtakayopasua wenyewe hayafanani na yale yenye rangi nyekundu ya vidole vya mjini.

Likizo ya nani?

Najua wapo akina mama waliosoma hadi hapa wakitikisa kichwa. Mnasema: raha gani hiyo, ilhali mimi mke wa mwana ndiye nitakayepika kwa sufuria kubwa wiki nzima na kuosha vyombo vya watu ishirini? Mna haki. Likizo ambayo baba analala kivulini na mama anapuliza moto si likizo ya familia. Siku ya tatu jembe ni la kila mtu. Wanaume na wavulana waende mtoni, wapasue kuni, wabambue mbaazi, waoshe sufuria. Na susu mwenyewe apumzishwe. Mama mzee wa miaka 75 aliyepika Krismasi nzima kwa ajili ya watoto wake wenye afya amefanyishwa kazi na wageni, hakutembelewa.

Wengine mtasema nyumbani kuna ugomvi. Pengine ni mpaka wa shamba, pengine ni maneno ya zamani kati ya ndugu. Hilo siwezi kulimaliza katika ukurasa mmoja. Ninachojua ni kuwa ugomvi wa shamba huwa mkali zaidi kati ya watoto wasiojuana. Binamu waliopalilia pamoja wakiwa na miaka kumi huanza mazungumzo mahali tofauti wakifika miaka arobaini.

Kwa wanaojiandaa, machache ya kukumbuka. Nunueni tiketi mapema kabla nauli haijapaa. Bebeni vyandarua, tochi nzuri na viatu vya kufunika miguu, kwa kuwa nyoka hutembea usiku. Pelekeni unga, mchele na sukari vya kutosha siku zote mtakazokaa, ili msimfilisi mzee. Wanafunzi, bebeni daftari moja tupu. Andikeni majina ya babu wa babu, chanzo cha jina lenu, na mahali ukoo wenu ulipotoka kabla ya kukaa hapo. Wazee wengi wa Ukambani watawatajia Mbooni. Daftari hilo litakuja kuwa na thamani kuliko picha zote za simu.

Msomaji mpenzi, sote tunajua siku ambayo ukoo wote hukusanyika bila kukosa. Mabasi hukodishwa, kazini ruhusa huombwa na kupatikana, na waliosema hawana nauli huipata. Watu hukaa siku tatu, nne, hata wiki. Siku hiyo ni ya mazishi. Mwenye nyumba anakuwa amewakusanya wote aliowangoja miaka mingi, naye hawezi kuwaona. Wiki ile ile ingeweza kutolewa Desemba iliyotangulia, akiwa ameketi kwenye kigoda chake, kinywa wazi kwa kicheko.

Basi leo jioni pigeni simu nyumbani. Tumezoea kuuliza: "Mnahitaji nini?" Nao kwa heshima hujibu kuwa hawahitaji kitu. Ulizeni swali jingine: "Palizi inaanza lini?" Kisha hesabuni siku zenu kutoka hapo.

Tukijaliwa, tukutane Jumapili ijayo.